Mabati Thelathini na Moja

Katika karakana ya Théophile Kalonda, nyuma ya soko la Kasongo, kulikuwa na ubao mmoja mrefu uliolazwa sakafuni ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuukalia, na mwenye kuuwekea kitu juu yake alikuwa amejitafutia maneno. Ubao huo ulichorwa mistari kwa ncha ya msumari, sentimita baada ya sentimita, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Mteja akitoka mbali, hata kabla hajapewa kiti, fundi alimwamuru atembee juu yake kama anavyokwenda shambani, mara tatu, bila kujikaza na bila kujilegeza. Mwenyewe alipiga magoti pembeni, akakodolea macho visigino, halafu akaandika kwenye daftari jina la mtu yule na urefu wa hatua yake.

Wageni walicheka, na acha wacheke. Waliotaka kuezekewa nyumba walikaa Nyangwe, Wamaza na vijiji vya huko Kabambare, na barabara zetu zinajulikana. Kwenda kupima ni siku nzima ya pikipiki, kurudi siku nzima, kisha uende tena kuezeka. Mita ya chuma huko ni ya kubahatisha. Unaikuta imekatika mwanzoni, na mwenye nayo hakumbuki imekatika wapi. Basi Théophile aliona kwamba miguu ya mtu ni mita asiyoweza kuisahau nyumbani. Mteja alipiga simu, akatembea kando ya ukuta wake akihesabu kwa sauti, na fundi huku Kasongo akazidisha, akapata upana na urefu, akatoa orodha yote: mabati, mbao, misumari. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Hakupeleka bati pungufu hata mara moja, wala hakuzidisha ila moja au mbili za akiba. Alijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mtu mzima, na hakuna aliyemkanya, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ayoubu Sumaili wa Wamaza alikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa daftari hilo. Hatua yake: sentimita themanini. Alikuwa mtu wa miguu mirefu, mchuuzi wa mchele na mawese, aliyesukuma baiskeli yenye mzigo kutoka Wamaza mpaka Kasongo miaka mingi kabla pikipiki hazijazoeleka. Kila alipofika mjini alilala kwa Théophile. Mmoja aliswali, mwingine alikwenda misa, na jioni walikaa kwenye kochi moja kutaniana kuhusu nani kati yao anakoroma. Mke wa Ayoubu, Asma, ambaye watu wote walimwita Mama Safia kwa jina la binti yake wa kwanza, alimwita fundi shemeji, na shemeji huyo hakuwahi kuondoka kwake mikono mitupu.

Ayoubu alikuwa anajenga. Miaka miwili alichoma matofali, akapandisha kuta, akasimama, akapumua, akaendelea. Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekolea, alipiga simu.

"Théo, uko na kalamu?"

"Niko na kalamu, niko na daftari, niko na njaa. Sema."

"Mi nasimama ku pembe ya nyumba. Nimeuza shamba ya bondeni. Nataka paa mbele ya mvua. Naanza kutembea."

Théophile aliegemea meza akasikiliza. Moja, mbili, tatu. Ayoubu alihesabu polepole. Alipofika tisa alinyamaza, na simuni ikabaki pumzi tu, nzito, kama ya mtu anayepuliza makaa mabichi.

"Ni rezo inakatika?" Théophile aliuliza, akidhani ni mtandao wa simu.

"Ni rezo," Ayoubu alijibu baada ya muda. Kisha akaendelea: kumi, kumi na moja. Urefu ulikuwa hatua kumi na sita. Upana ulikuwa kumi na mbili, na katikati yake rezo ilikatika tena.

"We mutu! Nyumba gani hii? Umeongeza vyumba, ao unatafuta muke wa pili kwa siri?"

Ayoubu alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Andika vile nimesema, ndugu yangu."

Fundi aliandika. Kichwani mwake kulipita wazo kwamba nyumba ile ilikuwa ndogo zaidi. Miaka miwili nyuma, wakati wa kuchimba msingi, Ayoubu alimpa hatua kwa simu vilevile, na zilikuwa humo humo daftarini. Kugeuza kurasa kungemchukua muda wa kumeza funda la chai. Lakini wachuuzi huongeza msingi wakipata, na Théophile alifurahi kwa ajili ya rafiki yake, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Hakugeuza.

Hatua kumi na sita kwa themanini ni mita kumi na mbili na sentimita themanini. Hatua kumi na mbili ni mita tisa na sitini. Paa lingekuwa la mgongo wa tembo, pande mbili zinazoteremka na pembe tatu ya ukuta kila mwisho. Kwa paa la namna hiyo Théophile alikuwa na wimbo wake aliourithi kwa fundi mzee aliyemfunza kazi: kumi na mbili chini, tano juu, kumi na tatu mgongoni. Nusu ya upana ni mita nne na themanini. Igawe kwa kumi na mbili, unapata sentimita arobaini. Mara tano, paa linasimama mita mbili juu ya ukuta. Mara kumi na tatu, mteremko ni mita tano na ishirini. Ongeza nusu mita ya kuning'inia nje ili maji yasilambe tofali. Mabati mawili ya mita tatu, moja likilala juu ya mwenzake sentimita thelathini, yanafika pale pale. Alihesabu safu kwa urefu wa nyumba, na nusu mita ya kutokeza kila mwisho, akapata safu kumi na tisa. Pande mbili, mabati mawili kila safu: sabini na sita.

Alipiga mstari chini ya hesabu hiyo kwa rula. Ilikuwa hesabu nzuri. Alikwenda mwenyewe dukani kuyachagua, akayagonga moja moja kwa kidole kusikia unene wake, na wamotari wakayapeleka Wamaza kidogo kidogo kwa wiki mbili, yamekunjwa na kufungwa nyuma ya pikipiki. Orodha ya mbao aliisoma kwa simu, na wapasuaji wa huko wakakata.

Mwezi wa nane Théophile alifika Wamaza, mwili mzima umepakwa vumbi jekundu. Mama Safia alimpokea kwa maji ya kuoga na bakuli la wali. Ayoubu alikuwa amekaa kwenye kiti kizingitini mwa nyumba ndogo ya zamani. Hakuinuka. Alinyoosha mikono yote miwili akiwa amekaa, akamshika fundi, akamng'ang'ania.

"Goti," Mama Safia alisema. "Tangu kiangazi kianze, goti inamusumbua. Nimemukanda na mafuta mpaka nimechoka."

Asubuhi yake fundi alitoa mita yake ya chuma, ile nzima, akaipitisha kwenye ukuta ili kuweka alama za boriti. Alisoma mita tisa na sitini. Akadhani amekosea upande, kwamba huo ndio upana. Akazunguka kona, akapima ukuta mwingine. Mita saba na ishirini. Alirudia yote mawili. Jasho lilimtoka, na jua lilikuwa bado la asubuhi. Mabati sabini na sita yalikuwa yamepangwa uani, nyumba ilikuwa imesimama mbele yake, na mtoto angeweza kuona kwamba havilingani.

Alichuchumaa, akapiga hesabu upya mchangani. Nusu ya upana mita tatu na sitini, paa linasimama mita moja na nusu, mteremko mita tatu na tisini. Akipunguza kuning'inia kuwe sentimita thelathini, bati moja na nusu kila upande. Safu kumi na tano. Mabati arobaini na tano.

Mama Safia hakuwa mjinga wa kusubiri kuambiwa. Aliona mwanamume mzima akifuta namba kwa kiganja na kuandika tena, akamfuata.

"Kuna nini?"

"Mabati yamezidi," Théophile alisema.

"Imezidi ngapi?"

"Thelathini na moja."

Sauti ya Mama Safia ilipanda mpaka majirani wakatokea kwenye nyua zao. "Thelathini na moja! Tumeuza shamba ya bondeni, shamba ya baba yake, juu ya kununua matole ya kupanga uani, mabati bila nyumba? Uko na fungu yako kule dukani, fundi. Kila tole inakupa kitu. Sema!"

Alimwita fundi. Hakumwita shemeji tena.

Moussa, mdogo wake Ayoubu, alikuwa miongoni mwa waliokuja kutazama. Alikuwa mtu wa kutabasamu wakati wengine wanalia. Alizunguka yale mabati akiyahesabu kwa kidole, akasema, "Fundi wa hatua! Leo hatua imekulisha vizuri." Watu wakacheka, na jina likashika hapohapo.

Théophile alifungua mdomo aseme kwamba hatua zilitoka kwa Ayoubu mwenyewe, kumi na sita kwa kumi na mbili, na daftari linalo. Ndipo Ayoubu alipoita kutoka kwenye kiti chake. "Théo, kuya nikuonyeshe kitu nyuma ya nyumba."

Alisimama kwa kushika mwimo wa mlango, akatangulia. Fundi alimfuata, na macho yake, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, yalikwenda kwenye visigino. Sitini. Hatua ya pili, sitini. Ya tatu haikufika hata sitini. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za kandambili zimekatwa na kufungwa upya kwa mpira. Baada ya hatua tisa Ayoubu alisimama, akashika ukuta, na Théophile akaisikia ile rezo, ikikatika mbele ya macho yake.

Mabati aliyasahau.

"Hatua yako ni sitini," alisema.

"Mi najua. Siku ile ya simu nilihesabu kumi na mbili, hatua za zamani za ule ukuta, nikaona ukuta ingali mbele yangu. Njo nikajua."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mama Safia alikuwa anakaa pale, anamenya muhogo, anasikia kila neno. Nikuambie hatua yangu imepunguka, yeye anasikia?" Alipumua. "Si goti, Théo. Ni moyo. Infirmier wa zahanati aliandika karatasi mwezi wa sita. Inasema niende hospitali ya Kasongo, mbio. Nimeificha."

"Umeificha! Uko na akili?"

"Sikiliza. Mama Safia akiona ile karatasi, kesho matole yote inauzwa, mbao inauzwa, na mi niko ku pikipiki. Namujua muke wangu. Na kama nakufia kule? Atarudia hapa, atakuta kuta bila paa. Moussa alishasema mbele ya watu: kuta bila paa ni ya ukoo, mwenye kuweza kufunika anaingia. Mama Safia na watoto wataenda wapi?" Alimshika fundi mkono. "Funika ile nyumba. Useme ulikosea hesabu. Kosa ya fundi, watu wanasahau."

Watu hawasahau, na Théophile alilijua hilo kuliko yeyote. Alisimama pale nyuma ya nyumba akalipima jambo lile jinsi alivyoweza. Upande mmoja aliweka jina lake, miaka kumi na tisa, ubao, daftari. Upande mwingine aliweka siri ya rafiki yake na paa la Mama Safia. Jina lilikuwa zito kweli kweli. Ilimuuma kulitoa, na kwa vile ilimuuma, aliamini kwamba ndilo jambo la haki. Alikuwa ameshughulika mno na kupima hasara yake mwenyewe, hata hakuuliza kama kuna kitu kingine cha kuwekwa kwenye mizani.

Walirudi uani. "Nilikosea," Théophile alisema mbele ya wote. "Hesabu ilinipotea. Hakuna fungu dukani. Ni kosa yangu."

Mama Safia alimtazama, halafu akamtazama mumewe, kama anayengoja huyo naye akasirike.

"Na hii matole inabaki?" aliuliza.

"Inakaa," Ayoubu alisema upesi. "Safia akiolewa, tutamujengea. Hakuna mutu ataigusa."

Paa lilichukua siku sita. Théophile alikata boriti zilizokuwa ndefu, akasimamisha pembe tatu moja baada ya nyingine, akavuta kamba kileleni kutoka mwisho mpaka mwisho, na kila mara aliimba kimoyomoyo wimbo wake, kumi na mbili, tano, kumi na tatu. Hajawahi kupiga misumari iliyonyooka kama ile. Ayoubu alikaa kwenye kiti akitazama toka asubuhi mpaka magharibi. Chakula kililetwa kwa wakati, bugali na sombe ya majani ya muhogo, lakini kililetwa na Safia, na mama yake hakuonekana. Bati la mwisho la kufunika kilele lilipopigiliwa, Moussa alipita njiani, akainua macho, akaendelea na safari yake. Ayoubu alimwona, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Yale thelathini na moja fundi aliyaegemeza mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma, chini ya dirisha la chumba cha kulala, akayafunga kwa kamba.

Alipofika Kasongo, habari ilikuwa imeshamtangulia. Wamotari hubeba kila kitu. Kabla ya wiki kwisha, mtu wa Nyangwe aliyekuwa amempa hatua zake alituma ujumbe kwamba amepata fundi mwingine, mwenye mita. Mtu wa pili hakutuma hata ujumbe. Vijana wa sokoni, wakimwona anapita, walinyoosha miguu na kuhesabu kwa sauti. Simu ilinyamaza. Théophile alirudi kwenye kutengeneza milango na viti vya shule, kazi aliyoiacha zamani, na ubao wake sakafuni ulipata vumbi. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema, na nitakuwa mwongo nikisema hakupata raha ndani yake. Alijiona safi, kama mtu aliyefunga Kwaresima nzima bila kuiba hata kipande cha nyama.

Mwezi wa kumi Ayoubu alipiga simu. Hakusalimu. "Sikia," alisema, na Théophile akasikia mvua kubwa ikigonga mabati, na juu yake pumzi ya rafiki yake, fupi fupi.

"Inavuja?"

"Hata tone." Akavuta pumzi. "Nyuma pale upepo inayapiga yale mengine. Usiku mzima, gbang, gbang. Lakini ndani ni pakavu."

"Twende hospitali sasa, Ayoubu. Nyumba imefunikwa."

"Na kitu gani, ndugu yangu? Tumebakia na nyumba tu."

Théophile alisema atatafuta, ataona, wataongea. Alitafuta kwa watu wawili watatu, lakini nani anamkopesha fundi wa hatua? Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili motari mmoja alisimamisha pikipiki mlangoni pa karakana, akavua kofia, na Théophile akajua kabla hajasema. Nyuma ya motari huyo mvua ilikuwa imechukua daraja la magogo la njia ya Wamaza. Hakufika kwenye mazishi. Alikaa siku nzima mlangoni pake, akalia bila kujificha, na hata vijana wa sokoni walimwacha.

Mama Safia alikuja mwezi wa nne, eda yake ilipokwisha. Alisimama mlangoni mwa karakana akiwa na mfuko mmoja mdogo, amekonda, amefunika kichwa kwa kitambaa cheupe. Alitazama chini.

"Ni hii ubao?"

"Ni hii."

Hakuukanyaga. Aliuzunguka kwa upande, akakaa kwenye kiti kisicho na mgongo ambacho fundi alikuwa hajakimaliza. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwekea mezani. Théophile hakuhitaji kuisoma.

"Niliikuta ndani ya mufuko ya kanzu yake. Unaijua?"

Angeweza kukana. Alikuwa amechoka. "Aliniambia."

"Siku gani?"

"Siku ile ya kupima. Mbele ya kupiga musumari wa kwanza."

Mama Safia alitikisa kichwa polepole. "Kumbe hatua ilikuwa yake. Mi mwenyewe nilianza kuihesabu, mwishoni. Toka kitanda mpaka mulango. Kila wiki iliongezeka." Alishusha sauti. "Na mi nilikuita mwizi mbele ya watu, shemeji."

Neno lile shemeji lilimpata Théophile kifuani. Mungu amsamehe, alifurahi. Miezi minane alikuwa anaingoja saa hii bila kujikiri, saa ya mtu kuja na kusema tulikudhulumu. Alianza kujibu kwamba yamepita, kwamba rafiki ni rafiki.

"Ngoja," alisema Mama Safia. "Sijamaliza. Nilienda kwa infirmier na hii karatasi. Nikamuuliza, kama tungemupeleka mwezi wa nane, ingekuwa namna gani. Akasema hakuna anayejua, lakini kuna dawa, na wengine wanaimeza wanaishi miaka. Nikamuuliza hospitali na dawa na njia, yote pamoja, ni matole ngapi."

"Matole?"

"Alishangaa pia, kama we. Mi sikuwa na kitu ingine ya kupimia. Tukahesabu sisi wawili. Ishirini na tano." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nyumba ilikula ngapi, shemeji?"

"Arobaini na tano."

"Na ulileta ngapi?"

Théophile alijua sasa anapelekwa wapi, na hakuwa na pa kukimbilia. "Sabini na sita."

"Basi." Alikunja karatasi, mara moja, mara ya pili. "Yeye alikuwa mugonjwa, alikuwa na woga. Aliona mambo mawili tu: paa ao hospitali. Mutu wa kufa anaweza kukosea hesabu. Lakini we ni fundi. We njo uliniambia kwa mudomo yako, thelathini na moja imezidi. Paa ningeiacha. Ningeuza zile tu."

"Mama Safia, aliniomba..."

"Zilikaa miezi ine chini ya dirisha yake. Alikuwa anazisikia usiku. Na siku alikufa, unajua? Moussa aliziuza zote mbele ya jua kuzama. Siku moja tu, shemeji. Watu waliziwania. Tukapikia watu wa matanga."

Hakulia. Labda machozi yote yalikuwa yamekwisha. Alifunga karatasi katika fundo la kitenge, akasimama, akasema pikipiki ya kurudi inamngoja sokoni. Kwenye mlango aligeuka, akasema nyumba haivuji, na kwamba kwa hilo anamshukuru. Alisema kwa dhati, na hilo ndilo lililomvunja fundi kuliko yote.

Théophile alifuta vumbi kwenye daftari, akatafuta ukurasa wa mwezi wa saba, ule wenye mstari uliopigwa kwa rula. Alisoma kutoka juu mpaka chini: kumi na mbili chini, tano juu, kumi na tatu mgongoni, safu kumi na tisa, mabati sabini na sita. Hakuna tarakimu iliyokuwa mbaya. Alichukua kalamu, na chini ya mstari, kwa mwandiko wake wa kazi, akaandika orodha aliyopaswa kuitoa siku ile nyuma ya nyumba. Nyumba, 45. Ayoubu, 25. Akiba, 6. Akajumlisha, na ilitimia.